Manga, Uchina na Uhindi Ndani ya Chungu Kimoja

Ijumaa asubuhi katika Mji wa Kale wa Mombasa, harufu ya vitunguu hutangulia watu kushuka ngazi. Mwenye pua iliyozoea haulizi kinachopikwa juu. Vitunguu vikiachwa viive hudhurungi ndani ya mafuta yaleyale yatakayopokea nyama, hiyo ni pilau. Vikitolewa vikavu na kutandazwa kando, subiri biriani. Kisha mpishi hufungua kikopo cha viungo, na hapo nusu ya dunia huingia jikoni bila kubisha hodi.

Majina yenyewe yanatosha kuwa ushahidi. Mdalasini umetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa Uchina, ingawa mdalasini unaosifiwa kuliko yote ni wa Sri Lanka. Iliki ni jina la Kihindi lililolainishwa na ulimi wa pwani. Karafuu ni qaranful ya Waarabu. Kungumanga na pilipili manga zimebeba jina la Manga, yaani Arabuni, hasa upande wa Omani, ilhali kungumanga kwao ni visiwa vya Banda, Indonesia, na pilipili manga kwao ni Malabar, kusini mwa Uhindi. Watu wa zamani hawakujali sana mti umeota wapi. Walichokijua ni jahazi limeng'oa nanga bandari gani.

Ukwaju ndio wenye kisa cha kuchekesha zaidi. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Uhindi, na Wazungu wakaliokota jina hilo na kulisambaza duniani kote. Kumbe mkwaju ni mti wa Afrika, na uliwafikia Wahindi kutoka huku. Waswahili, walioukuta ukiota nyuma ya nyumba zao, waliuita kwa jina lao wenyewe wala hawakushughulika na hiyo tende.

Mpishi wa nyumbani wa pwani, basi, hakuhitaji kusafiri ili kuonja ladha za mbali. Alikaa upande wa bahari ambako pepo za kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Uhindi kuanzia Novemba au Desemba, na pepo za kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Nahodha hakuwa na la kufanya ila kungoja pepo zigeuke, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa miezi. Mtu akikaa miezi mjini hupanga chumba, hukopa, hugombana, huoa. Wengi walioa. Mapishi ya kigeni hayakuingia pwani kwa njia ya mikahawa wala vitabu, yaliingia kwa ndoa, mume akieleza alichokuwa akila kwa mama yake na mke akijaribu kukipika kwa nazi.

Chakula kilitumika kutafuta urafiki tangu kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinasema wafanyabiashara waliokuja pwani hii walibeba divai na ngano kidogo ambazo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kuwakirimu wenyeji ili biashara ya pembe za ndovu iende vizuri. Karibu miaka 900 baadaye, mwaka 916, msafiri wa Baghdad aitwaye al-Masudi alifika Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hudhani ni Pemba, akaandika kwamba watu wa pwani hula ndizi, mtama, asali, nyama na nazi.

Ndizi na nazi katika orodha hiyo tayari ni wageni. Ndizi chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Nazi nayo ilipandwa kwanza huko Asia, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na pwani yetu imechanganya koo mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Waliochanganya ni mabaharia wa upande wa Indonesia, walewale walioipa Madagaska lugha yake.

Mchele ulichelewa. Wanaakiolojia waliochekecha udongo wa Pemba wakitafuta punje zilizoungua walikuta kwamba katika makazi ya kale ya Tumbe watu walikula zaidi uwele, ilhali huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Kati ya vipindi hivyo viwili miji ilikua, misikiti ikajengwa, na karamu zikawa kipimo cha heshima ya mtu. Uwele hushibisha, lakini bwana harusi hapokewi kwa uwele.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alikula karamu hiyo na kuiandika kwa jicho la mtu mwenye njaa. Alipokewa Mogadishu kama mgeni wa mtawala, na kwa siku tatu akaletewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari za ndimu, pilipili iliyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliona wenyeji wakimega wali na kuufuatiza kwa achari, akashangaa kwamba mtu mmoja wao hula kama kundi zima la watu wa kwao. Mombasa hakukuta mashamba ya nafaka. Aliambiwa nafaka huletwa kutoka bara ya pwani, na kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki.

Msomaji wa leo aliyekaa mbele ya sinia la wali, mchuzi, ndizi na achari ya embe hawezi kuacha kutabasamu. Miaka karibu 700 imepita na sinia bado linapangwa vilevile.

Kimebadilika kitu kimoja, na si kidogo. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hii inayotoa machozi. Pilipili kali nyekundu na za kijani ni mmea wa bara la Amerika, na nje ya huko hakuna aliyeionja kabla ya safari ya Kolumbus ya mwaka 1492. Pilipili ya karne ya 14 ilikuwa ile ya Uhindi. Wareno walipoileta hii nyingine, watu wakaipa jina la ile waliyoizoea kwa sababu zote mbili zinawasha, na mgeni akapendwa hata akamnyang'anya mwenyeji jina. Ile ya zamani ikabidi ipewe nisba, ikawa pilipili manga. Leo muuza duka akiambiwa “nipe pilipili” hatauliza ipi.

Wareno wenyewe hawakupendwa, na hawakuwa na sababu ya kupendwa. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili 1498 sultani alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na walipoachana walikuwa maadui. Malindi alipokewa vizuri zaidi: mfalme alimletea kondoo sita pamoja na karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Watu hawa walikuwa wamezunguka Afrika nzima kutafuta viungo, wakavipata Malindi kama zawadi ya mgeni. Baadaye walirudi na mizinga, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, na hawakutolewa Mombasa mpaka 1698. Lakini nyuma yao walibakisha meza, mvinyo, pera, papai na lile neno ambalo Wazanzibari bado wanalishikilia wakati bara wanasema viazi: mbatata.

Mazao ya Amerika yalipanda bara polepole na kubadili mlo wa watu ambao hawakuwahi kumwona Mreno. Muhogo ulivumilia ukame. Mahindi yalizaa haraka kuliko mtama, na jina lake lenyewe lilidai yametoka Uhindi, ingawa yalitoka Meksiko. Anayesema ugali wa mahindi ndio chakula cha mababu hakosei, ila inategemea anahesabu mababu wangapi. Aliyekula ugali wa mtama, wimbi au uwele ndiye aliyekula chakula kilicholimwa Afrika tangu mwanzo.

Na nafaka hizo zilisafiri pia. Mtama, wimbi na uwele zilivuka bahari kwenda Uhindi maelfu ya miaka iliyopita, zikawa chakula cha mkulima wa huko. Wagujarati waliohamia Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19 walikuja wakipenda mikate minene ya uwele ya nyumbani kwao, bila ya mtu kuwakumbusha kwamba uwele huo ni wa Afrika.

Karafuu inasimulia upande mchungu wa jambo hili. Kwa karne nyingi ilikuwa siri ya visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliilinda kwa nguvu. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipeleka Morisi, na mapema karne ya 19 miche ikafika Zanzibar. Mtawala wa Zanzibar, Sayyid Said bin Sultan, aliona faida mapema, akahimiza upandaji, na Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakubwa wa karafuu kuliko wote duniani. Mashamba yalilimwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897. Jikoni, zao hilo halikuacha alama kubwa kama mtu angedhani: pilau ya kilo moja ya mchele hutosheka na karafuu nne au tano. Mzigo wenyewe ulienda nje, na katika karne ya 20 sehemu kubwa ilirudi Indonesia ilikoanzia, ikasagwa na kuvutwa ndani ya sigara.

Jikoni za wakubwa pia ziliendeshwa na mikono isiyolipwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekimbilia Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaeleza kwamba nyumbani kwa baba yake kulipikwa kwa mtindo wa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, kwa kuwa ndani ya nyumba hizo waliishi watu wa makabila mengi. Masuria wa baba yake waliletwa kutoka nchi za mbali, Uhabeshi na Cherkesi zikiwemo. Utamu wa vyakula hivyo usimfanye mtu asahau jinsi wapishi na walaji walivyofika mezani.

Kutoka pwani ladha zilifuata njia za misafara. Mpaka leo miembe mikubwa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji inaonyesha wapagazi walipita wapi, na huko Maniema na Kisangani, mashariki mwa Kongo, kilimo cha mpunga kilianzishwa na watu waliofika na misafara hiyo, pamoja na Kiswahili chenyewe.

Njia ya pili ilikuwa ya chuma. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Uhindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, maelfu wakabaki, wengine wakafuatia kufungua maduka katika kila stesheni. Pamoja nao ikaja chapati. Lakini chapati ya Afrika Mashariki si chapati ya Uhindi, na ubishi huu hauna haja ya kuendelea: kule chapati ya kila siku ni ya unga wa ngano usiokobolewa, husukumwa mara moja na kupikwa kwenye tawa kavu. Huku unga ni mweupe, kinyunya hupakwa mafuta, hukunjwa kama konokono, hupumzishwa, husukumwa tena na kukaangwa hadi tabaka ziachane. Mhindi angeiita paratha. Unga mweupe nao ulipatikana kwa sababu walowezi walipanda ngano nyanda za juu za Kenya, na mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga ya Unga. Chakula cha kibarua kikageuka chakula cha Krismasi. Kuna watu wazima Kenya ambao utoto wao wote chapati zilihesabiwa, mbili kwa kila mtoto, na aliyeziiba alijulikana.

Anayetaka kuona mambo yote haya kwa pamoja anunue bakuli la urojo Zanzibar. Chini kuna mbatata za Andes zilizochemshwa. Juu yake bajia za dengu na kachori, majina ya Kigujarati. Kuna vipande vya muhogo uliokaangwa, zao la Amerika ya Kusini, na chatini ya nazi, mgeni wa Asia aliyezeeka pwani. Halafu humiminwa ule urojo wenyewe, mzito wa unga wa ngano, wa njano kwa manjano, mchachu kwa embe bichi au ndimu. Mishkaki huongezwa, yai huongezwa, na mwisho pilipili. Muuzaji hupanga yote kwa dakika moja huku akizungumza na mteja mwingine.

Swali ni kwa nini mchanganyiko huu haukuwa vurugu. Jibu liko kwenye vyombo na mkono. Viungo viligeuka, njia ya kupika ikabaki. Mpishi wa pwani hukalia mbuzi, akakuna nazi laini, akaikamua kwa kifumbu au kitambaa. Tui la kwanza, kasimile, ni zito na huwekwa kando. Maji huongezwa kwenye machicha, hukamuliwa tena, na tui hilo jepesi ndilo linalopika mboga, kunde, samaki au mchele. Kasimile huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kusimama, maana likichemka sana hukatika, mafuta yakaelea upande mmoja na maji upande mwingine. Kila kitu kilichokuja kwa bahari kililazimishwa kupita kwenye sheria hii: ndizi, muhogo, mchuzi wa Mhindi, hata mkate wa kumimina uliopikwa kwa mchele uliosagwa.

Sheria ya pili ni makaa. Wali ukikaribia kukauka, sufuria hufunikwa kwa mfuniko bapa, makaa hupaliwa juu na machache yakabaki chini, na mpishi huondoka kwenda kuoga. Moto wa pande mbili hukausha punje bila kuzipondaponda. Ni tanuri la mtu asiye na tanuri. Biriani ya pwani ilipitia kazi hiyohiyo. Badala ya nyama na mchele kufungiwa chungu kimoja kama wafanyavyo Hyderabad, rojo hupikwa peke yake, wali peke yake, na vikakutana kwenye sahani.

Vipimo havikuandikwa popote. Binti akimuuliza bibi yake chumvi kiasi gani, hujibiwa “kiasi,” na atajua maana yake baada ya kuharibu vyungu kadhaa. Mambo haya yalibaki mikononi mwa wanawake ambao vitabu vya wasafiri viliwataja kwa nadra, wakati Ibn Battuta alikula alichopikiwa na hakuuliza nani amepika.

Dunia ilipogombana, jiko lilijua mara moja. Zanzibar ilizoea kula mchele kutoka Burma, na Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 visiwa vyenye viungo vyote hivyo vikajikuta vimerudi kwenye muhogo na mahindi. Karafuu zilikuwepo. Pa kuzitia hapakuwepo.

Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa tangu 1970 Sultan Qaboos alipoingia madarakani Omani, familia nyingi za Kizanzibari zenye asili ya Omani zilihamia Muscat. Halua ilikuwa imetoka Omani kwenda Zanzibar, sasa mandazi yakaja upande wa pili. Leo Mwomani asiyejua neno jingine la Kiswahili anajua kuagiza mandazi, na mishkaki za barabarani Muscat zinaitwa mishkak.

Waliokwenda mbali zaidi, London, Leicester au Toronto, walikuta huko minazi haipo wala mbuzi wa kukunia. Nazi hununuliwa ndani ya kopo, na mengi ya makopo hayo yameandikwa Thailand, upande uleule wa dunia ambako mnazi ulianzia safari. Maelekezo ya kiwandani husema kopo litikiswe kabla ya kufunguliwa. Akina mama wa Kiswahili hawalitikisi. Huliacha usiku kucha limesimama, asubuhi hulifungua taratibu, wakachota kwa kijiko ile nyeupe nzito iliyopanda juu na kuiweka kando ya jiko. Hiyo ndiyo kasimile. Iliyobaki chini huingia kwanza.